Maswali ya Wasomaji: Kuvua Baharini kwa Mashua Ndogo

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zetu kutoka Jinja. Mimi na wenzangu watatu huvua samaki kwa kujifurahisha. Tumezoea kumwinda sangara kwa ufito na mshipi katika Ziwa Victoria, na tukipata nafasi hufika mpaka Mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison. Sasa tunatamani kuvua baharini. Tumepanga kwenda Malindi au Watamu, nchini Kenya, mwezi wa Julai, kwa kuwa huku kwetu huo ni wakati wa kiangazi, tukodi mashua ndogo ya injini na kuwafuata samaki wakubwa. Je, wakati huo unafaa, na mtu wa ziwani ajitayarishe vipi?
*Msomaji, Jinja*

JIBU: Ndugu msomaji, nawasihi muiahirishe safari hiyo mpaka Januari. Ninaanza na neno hili kwa sababu vifaa, fedha na ujuzi wenu vyote havitawafaa sana mkifika pwani katika majira yasiyofaa.

Kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti si kiangazi cha bahari. Watu wa pwani huuhesabu mwaka kwa pepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili mpaka Septemba, na kwa kuwa hufika ukiwa umepita juu ya Bahari ya Hindi iliyo wazi, bila kisiwa kikubwa cha kuuzuia karibu na ufuo wa Kenya, husukuma mawimbi mazito ambayo mashua ndogo haiwezi kuyastahimili kwa usalama. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba mpaka Machi, na kwa kawaida huwa mpole zaidi, jua likiwa kali, maji yakiwa ya joto na safi. Ndiyo maana katika miezi ya Mei, Juni na Julai vyombo vingi vya uvuvi wa burudani vya Malindi na Watamu hupandishwa pwani vifanyiwe matengenezo. Mkimpata mtu aliye tayari kuwatoa nje ya miamba katika siku za kusi kali, kwa chombo kidogo na kwa bei nafuu, huyo ndiye wa kumwogopa kuliko wote.

Samaki nao hufuata kalenda hiyohiyo. Sulisuli, yule mwenye pezi la mgongoni lililotandaa kama tanga, pamoja na jamaa zake wakubwa wa aina ya marlini, hupatikana zaidi katika miezi ya kaskazi. Jodari huanza kupita kwa wingi kuanzia Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo asiyeweza kabisa kusubiri Januari na aifikirie Oktoba, wakati kusi umekwisha kulegea. Kwa mwenye watoto, Januari ina faida nyingine, kwani shule za Uganda huwa zimefungwa na familia inaweza kwenda pamoja.

Sasa nije kwenye tofauti ya ziwa na bahari, ambayo naona huchukuliwa kwa wepesi mno na watu wa kwetu. Ziwa Victoria ni pana, na dhoruba zake zimewaua wengi, lakini maji yake hayapandi na kushuka kila siku. Baharini maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika hamsini kila siku, hivyo saa iliyofaa kutokea Jumatatu haitafaa Ijumaa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Kenya huweza kupita mita tatu. Siku za katikati huitwa maji mafu, na tofauti hupungua. Jambo hili lina uzito wake kwa mashua ndogo, kwa sababu ufuo umezungukwa na miamba na chombo hutoka kupitia mlango uliopo baina yake. Maji yanayotoka kwa nguvu yakikutana mlangoni na mawimbi yanayoingia, mawimbi huinuka wima na kuvunjika, hata kama huko nje bahari imetulia. Nahodha mzuri huzipanga saa za kutoka na kurudi kwa kuangalia maji, si kwa kuangalia chakula cha mchana kitakuwa tayari saa ngapi, nanyi msimsukume.

Kina nacho ni cha aina nyingine. Sehemu ya ndani kabisa ya Ziwa Victoria ni takriban mita 80; nje ya Watamu, kilomita chache tu kutoka pwani, sakafu ya bahari hushuka mpaka mamia ya mita. Injini ikizimika huko, nanga haifiki chini, na mkondo huichukua mashua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, nendeni mkakitazame chombo kwa macho yenu. Ulizeni kama kina injini mbili, au walau injini ya akiba inayowaka mbele yenu. Kama kina redio ya baharini, kwa kuwa simu ya mkononi hupoteza mtandao mkisogea mbali. Kama kuna fataki za kuombea msaada, maji ya kunywa ya ziada na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu. Asiyetaka kujibu maswali haya mwacheni na chombo chake.

Kuhusu vifaa, mnachokijua kitawasaidia nusu. Sangara, ambaye wengi kwetu humwita mputa, ana meno madogo yanayokwaruza bila kukata, na hivyo kipande cha nailoni nene mbele ya ndoana hutosha. Huko baharini, nguru na mzia wana meno makali yanayokata nailoni mara moja, kwa hiyo kwao hutumika waya mfupi wa chuma. Sulisuli huvuliwa kwa chambo kinachoburutwa nyuma ya mashua inayotembea, na akishika hukimbia na kuruka juu ya maji mara nyingi. Akikimbia mwacheni akimbie, breki ya rili ikiwa imelegezwa kiasi, kisha mvute anapopumzika. Mkichukua rili zenu wenyewe, zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni bila kukosa, kwa maana chumvi hula chuma ndani ya siku chache. Kwa safari ya kwanza, hata hivyo, naona heri mtumie vifaa vya chombo, kwa sababu baharia anavijua na mzigo wenu wa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala hadi Mombasa utapungua.

Mjue pia kwamba Malindi na Watamu zina hifadhi za taifa za baharini zilizoanzishwa mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kuvua chochote, hata kwa mshipi wa mkono. Samaki mnaowataka wako nje zaidi, kwa mfano kaskazini mwa Malindi, ambako Mto Sabaki humwaga maji ya udongo. Pale maji ya kahawia yanapokutana na maji ya buluu, samaki wadogo hukusanyika na wakubwa huwafuata.

Mambo ya njia ni mepesi. Tangu mwaka 2014 Mganda anaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na kutoka Nairobi kuna treni ya kwenda Mombasa. Bei ya mashua hutajwa kwa chombo kizima, si kwa kila kichwa, kwa hiyo ninyi wanne mtagawana. Ulizeni tu kama mafuta, chambo, barafu na leseni ya uvuvi vimo ndani yake.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimealikwa na shemeji yangu katika safari ya kuvua baharini, nami sijui kuogelea, na hata feri ya kwenda Kalangala hunitapisha. Je, nikatae?
*Msomaji, Entebbe*

JIBU: Dada yangu, kutojua kuogelea si sababu ya kukatalia, ila ni sababu ya kuvaa jaketi tangu ufuoni mpaka mrudipo ufuoni, likiwa limefungwa kamba zote, si kulikalia. Hata muogeleaji hodari hawezi kuifuata mashua inayochukuliwa na mkondo.

Kuhusu kutapika, dawa za kichefuchefu cha safari humezwa saa moja au mbili kabla ya kupanda chombo, kwa kuwa ukisubiri mpaka uanze kutapika hutaweza kuzihifadhi tumboni. Nyingi huleta usingizi, basi muulize mfamasia, hasa ikiwa una mimba au unatumia dawa nyingine. Kula kidogo alfajiri, chakula kisicho na mafuta. Kaa katikati au nyuma ya mashua, ambako mrusho ni mdogo kuliko mbele. Tazama upeo wa macho na uache simu mfukoni. Harufu ya petroli huwashinda wengi kuliko mawimbi, kwa hiyo usikae karibu na moshi wa injini. Mwambie shemeji yako akodi chombo kwa nusu siku tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na nahodha aambiwe mapema kwamba ukizidiwa mtarudi. Mwenyeji asiyekubali sharti hilo, mshukuru kwa mwaliko na ubaki ufuoni.

SWALI: Mume wangu anakwenda kuvua baharini na ameahidi kutuletea samaki mpaka Arua. Je, samaki wa bahari husafirishwa namna gani?
*Mama wa watoto wanne, Arua*

JIBU: Mama, ahadi hiyo ni ya upendo, lakini mwombe aibadilishe. Jodari na nguru wakikaa juani bila barafu, hata kwa saa chache, hujenga ndani ya nyama sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha kwa moshi. Mlaji huwashwa, huwa mwekundu usoni, huumwa kichwa na kuharisha. Samaki wa namna hiyo huhitaji barafu tangu dakika anapotolewa majini, na barafu ya siku kadhaa za basi mpaka Arua si rahisi kuitunza. Amwepuke kabisa bunju, samaki anayejivimbisha akishikwa, kwa kuwa sumu yake huua na hakuna upishi unaoiondoa.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulijua wakiwa wamechelewa. Katika vyombo vingi vya kukodi, samaki ni mali ya chombo, na mgeni hupewa sehemu ya kula hukohuko. Sulisuli kwa kawaida hurudishwa majini akiwa hai, na Watamu kuna shirika, African Billfish Foundation, linaloratibu kuwawekea alama kabla ya kuwaachia ili safari zao zifuatiliwe. Ninaunga mkono desturi hiyo kwa moyo wote. Mume wako asimpandishe sulisuli ndani ya mashua kwa ajili ya picha. Samaki huyo apigwe picha akiwa majini kando ya chombo, mashua ikienda polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake apate pumzi, kisha aachwe. Yote hayo wayakubaliane na nahodha kabla ya kung'oa nanga: ni samaki wa aina gani watakaorudishwa, na katika jodari au nguru watakaobaki, kiasi gani kitapikwa jioni ileile kwa ajili yao.