Chausiku alishanionya

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nimekaa barazani, paka wangu Chausiku kajikunja mapajani, mkono mmoja unampapasa mgongo, mwingine umeshika simu. Anakoroma kwa raha, nami nasoma malumbano ya kikundi cha harusi. Ghafla kageuka, kaukumbatia mkono wangu kwa miguu ya mbele na kuzamisha chonge chini ya kidole gumba. Jirani yangu, aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, alitoa hukumu palepale: "Shoga, huyo si paka. Ana jini huyo."

Nilifuta damu kwa upindo wa kanga nikarudi jikoni. Usifanye hivyo. Kufika alfajiri mkono ulikuwa umeumuka kama andazi. Jino la paka ni jembamba kama sindano: linapeleka vijidudu vya kinywani hadi ndani, kisha kitundu kinaziba juu na kuvifungia humo. Osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali hata kama damu imekauka. Swali la kwanza la tabibu lilikuwa kama paka ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, pamoja na jina lake, paka naye huupata na kuuambukiza, na dalili zikishamwanza mtu ni nadra mno kupona. Chausiku alikuwa na cheti, nikaondoka na antibaiotiki na sindano ya pepopunda. Aliyeumwa na paka wa mtaani, au wake asiye na chanjo, asikae nyumbani kungoja.

Mkono ulipopona nilirudia yaleyale, safari hii simu nimeiacha ndani. Mwanzoni raha tupu. Kisha ncha ya mkia ikaanza kuchapa mkeka. Ngozi ya mgongo ikatetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kukoroma kukakatika. Masikio yakageukia nyuma. Nikaondoa mkono. Akanitazama, akajilamba bega, akalala. Maonyo manne, tena kwa mpangilio, na siku ile ya kikundi cha harusi yote yalinipita.

Nadhani tunaponzwa na mbwa. Mbwa akitikisa mkia mara nyingi anafurahi, basi tukiona wa paka unachapa tunadhani naye anafurahi, kumbe kuguswa kumemzidi. Na lile tumbo! Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Wangu anakubali, ila si ruhusa ya kumtomasa. Akilala hivyo anakuamini, lakini makucha ya miguu yote minne yako tayari pamoja na meno. Tumbo la paka ni la kutazama.

Sehemu kubwa ya kosa, hata hivyo, niliifanya mwenyewe zamani. Nilimwokota sokoni kwa wauza samaki macho yake bado ya buluu, kwa hiyo hakuwa amepita wiki saba hivi. Huo ndio umri ambao watoto wa paka hufundishana adabu ya meno: ukimuuma mwenzako kwa nguvu analia, na mchezo umekwisha. Chausiku hakuwa na mwenzake. Alikuwa na vidole vyangu, nami nilivichezesha juu ya mkeka huku nikicheka alivyokuwa akivivizia. Daktari wa mifugo aliniuliza namchezesha kwa kitu gani. Kwa mkono, nikasema. "Basi dada, umemfundisha kwamba mkono ni panya."

Tukahamia kwenye kipande cha kitenge kilichofungwa kambani. Akigusa ngozi kwa meno nauacha mchezo, nanyanyuka, siongei. Kandambili hairushwi. Paka ukimpiga haunganishi kipigo na kosa. Anachojifunza ni kwamba mkono huo unaumiza, na siku nyingine atauwahi kabla haujamfikia. Ilinichukua karibu miezi mitatu, na mwezi wa kwanza nilikata tamaa kabisa.

Kuna kuumwa kwingine kusikohusiana nawe. Jioni moja shume la mtaa lilipanda dirishani, Chausiku akavimba mkia, akafoka. Mwanangu akambeba ili amtulize, akaumwa yeye badala ya lile shume. Paka aliyepandwa na hasira asishikwe. Funga pazia, toka chumbani, mwache hata saa nzima.

Na paka mpole akianza kuuma bila sababu kama hizo, mpeleke akapimwe. Mwaka jana Chausiku alianza kunirukia nikimkuna shavu la kulia tu, shavu alilokuwa akinisogezea mwenyewe. Nilikwishaanza kumwita mkorofi. Lilikuwa jino bovu, na alishaanza pia kudondosha vipande vya dagaa akila, jambo nililoliona nikalipuuza. Liling'olewa, na shavu likarudi mkononi kwangu.

Siku hizi kilichobaki ni vidole vya miguu. Paka huchangamka alfajiri, na kitu kinachochezacheza chini ya shuka kwake ni windo. Namchezesha kwa kamba kabla ya kulala, kisha nampa chakula, na kwa upande wangu wa kitanda mambo yametulia. Upande wa pili mume wangu bado anavichezesha makusudi, halafu saa kumi na moja ananiamsha kulalamika.