Umeacha vidonge na sasa unaogopa kila kitu? Nimepita huko

Juzi saa tano usiku simu ililia. Ujumbe wenyewe huu: "Kaka shikamoo. Leo siku ya sita tangu niache Valium. Zamani nilikuwa naogopa lifti tu. Sasa naogopa lifti, ngazi, giza, mpaka friji likianza kunguruma nashtuka. Mama anasema nimetupiwa jini. Kaka, nimeharibika?"

Niliusoma mara tatu, kisha nikatoka kukaa barazani. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi neno kwa neno, ila palipo na lifti uweke pantoni.

La haraka nilimjibu usiku uleule: kesho asubuhi nenda kwa daktari, umwambie ulikuwa unameza kiasi gani na kwa muda gani. Mwili ukianza kukakamaa, au ukisikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, usingoje asubuhi, uamshe watu wakupeleke hospitali. Kukata dawa hizi za kutuliza hofu ghafla kunaweza kuleta degedege kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani. Hayo mengine nikamwahidi nitayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi ni mtu wa Kigamboni, riziki yangu iko Kariakoo kwenye vitambaa. Maana yake kila siku ya Mungu navuka maji kwenda na kurudi. Maji sikuwahi kuyapenda, lakini nilikuwa navuka. Septemba 2018 pantoni ya MV Nyerere ikapinduka kule Ukara, Ziwa Victoria, watu zaidi ya 200 wakafa, na mimi nikaacha kulala. Kijana wa duka la dawa mtaani kwetu akanipa diazepamu, ndiyo hiyohiyo Valium, ya miligramu 5. Hakuniuliza cheti, wala mimi sikumuuliza ni ya siku ngapi. Usiku ule nililala kama mtoto mchanga. Baada ya miezi kadhaa kimoja hakikutosha, vikawa viwili. Ikapita miaka miwili hivyo.

Kilichoniachisha hakikuwa busara. Kilikuwa kikao cha harusi. Rafiki yangu niliyekua naye, tuliyelala kitanda kimoja, aliniona nameza akasema mbele ya watu: "Huyu siku hizi teja wa vidonge." Watu wakacheka. Mimi, ambaye hata sigara sijawahi kuweka mdomoni! Nilirudi nyumbani nikatupa pakiti nzima chooni. Nikamwambia mke wangu, kuanzia leo basi.

Siku tatu za kwanza nilijiona bingwa. Nilikuwa sijui kwamba diazepamu hutoka mwilini polepole sana, kwa hiyo ukiiacha leo deni linakuja kudaiwa baadaye. Siku ya tano nilifika getini kwa pantoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wamejaa nyuma yangu, pikipiki zinanguruma, harufu ya samaki inakuja na upepo kutoka upande wa pili. Geti likafunguliwa. Miguu ikawa si yangu. Niliona kabisa, kama naangalia runinga, jinsi tutakavyozama. Nikageuka nikaanza kupita katikati ya watu kinyume nao, natukanwa kila hatua, shati limelowa kama nimeshazama tayari.

Nikaanza kuzungukia Daraja la Nyerere. Wiki ya pili daraja nalo likanishinda. Ya tatu nikawa naogopa kuku wa jirani wakiruka uani. Mwanga wa taa unachoma macho, vidole vina ganzi, usingizi saa moja na nusu tu. Shangazi akaleta maji ya kuoga yenye majani. Nilioga, kwa nini nisioge?

Mke wangu ndiye aliyenivuta hospitali. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akanisikiliza bila kuangalia saa, kisha akanieleza hivi: ubongo wako una mlinzi wake wa kutuliza kelele. Ukaajiri mlinzi wa kukodi, ndicho kidonge. Yule wako akaona kazi inafanyika, akalala. Sasa umemfukuza wa kukodi usiku mmoja, yule wako bado amelala, geti liko wazi, na mbwa anabweka kila jani la mwembe likianguka. Wezi hawajaongezeka, baba. Ni geti tu.

Sijui kama nilimuelewa siku hiyo. Nilichosikia ni kwamba ananirudishia kidonge, nikalia mbele yake kama mtoto. Nilihisi nimeshindwa, na yule rafiki yangu alisema kweli. Akaniambia kuzoeleka kwa mwili si uteja, na kwamba safari hii tutashuka ngazi badala ya kuruka dirishani.

Dawa hizi si ngeni. Valium iliingia sokoni mwaka 1963, na kwa miaka mingi iligawiwa kama pipi huko Ulaya na Marekani. Profesa mmoja wa Newcastle, Uingereza, Heather Ashton, aliendesha kliniki ya watu wanaoziacha kuanzia 1982 hadi 1994, na njia yake ilikuwa ya kupunguza taratibu. Mwaka 2020, mwaka huohuo niliohangaika mimi, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali zaidi kuhusu kuzoeleka na hatari za kuacha ghafla. Nikajiuliza, hayo yote yanajulikana, mbona dukani kwetu hakuna aliyeniambia?

Mpango wangu ulikuwa kushuka miligramu 1 kila wiki mbili, kutoka 10. Wako utapangiwa na daktari wako, usininakili. Kila Jumapili usiku nilikaa mezani na wembe mpya na kioo kidogo cha mke wangu, nakata kidonge cha miligramu 2 katikati. Nusu moja hutoka nzuri, nyingine inapasuka, nalamba ungaunga kwa kidole. Kila nikipunguza, hofu hupanda baada ya siku nne au tano, inakaa, halafu inashuka. Nilianza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Hiyo kalenda ndiyo iliyoniokoa kuliko maneno yote, kwa sababu hofu ilipokuja niliangalia ukutani nikasema: aa, ni Ijumaa, ni zamu yako.

Kuanzia miligramu 2 kwenda chini mambo yakawa mazito. Piga hesabu: kutoa 1 kwenye 10 ni sehemu ya kumi, kutoa 1 kwenye 2 ni nusu nzima. Hapo tulikwenda kwa robo robo. Miezi mitatu yote ilikuwa hivyo, sina cha kusimulia. Kipande cha mwisho nilimeza wiki ya Idi ya kuchinja, 2021.

Mdogo wangu, najua utaniuliza ufanye nini hofu ikikukaba. Usikate ghafla. Ukishakata ghafla, rudi kwa daktari. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta. Kahawa iache, mirungi iache, hivi vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Pombe ndiyo usiiguse kabisa: inagonga mlango uleule, na ikikutana na vidonge inaweza kukuzimisha pumzi. Na nasema tena, usikate ghafla. Lifti usiipande kwa nguvu, lakini usiikimbie pia. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakwenda jioni kukaa karibu na geti la pantoni, tunakula mihogo, tunaangalia watu wanavuka, tunarudi nyumbani.

Na nyinyi ndugu wa wagonjwa, neno "unajiendekeza" liacheni. Mtu hajiendekezi kutetemeka saa tisa usiku. Mnaouza dawa bila cheti, mnajua mnachouza. Na wewe rafiki yangu wa kikao cha harusi, najua unanisoma hapa, kwa sababu mkeo amemwambia mke wangu. Kidonge unachomeza cha presha sijawahi kukutangazia mbele za watu. Umri huu, mtu mzima unatakiwa upime neno kabla hujalitoa mdomoni.

Nilivuka Agosti ile. Nilinunua karanga ili mikono iwe na kazi, nikasimama karibu na chuma cha pembeni, macho kwa mtoto mmoja mwenye sare aliyekuwa anamalizia hesabu zake juu ya goti. Alikosea kugawanya, nikatamani kumrekebisha. Tuliposhuka nikafungua kiganja: karanga zote zimekuwa unga.

Siku iliyofuata nilizungukia darajani. Siku ya tatu nikarudi pantoni.