Chai haikuwa chanzo cha Marekani kudai uhuru

Ndugu, umeuliza kama makoloni 13 ya Uingereza, yaliyokuja kuwa Marekani, yaliasi kwa sababu Uingereza ilipandisha bei ya chai. Hapana, sheria ya chai ya 1773 iliishusha bei hiyo. Kilichowaudhi ni kutozwa kodi na Bunge la London, ambamo hawakuwa na mbunge hata mmoja. Kodi ya stempu ya 1765, iliyotozwa kwenye magazeti na hati za kisheria, ilizua ghasia hadi ikafutwa mwaka uliofuata.

Kwangu mimi, kosa kubwa la London ni la 1774. Baada ya wapinzani wa kodi kumwaga chai baharini huko Boston, mji wa koloni la Massachusetts, London ilifunga bandari nzima ya mji huo, wasiohusika nao wakaumia, na Massachusetts ikapokonywa madaraka yake mengi. Makoloni mengine yakaona zamu yao inakuja, yakatuma wajumbe kwenye mkutano wa pamoja Philadelphia. Aprili 1775 risasi zikalia kati ya askari wa Uingereza na wanamgambo wa makoloni huko Lexington, Massachusetts. Julai 1776 uhuru ukatangazwa.