Tairi za Toyota Aqua: mtumba au mpya?
Ndugu, umesema tairi za mbele za Aqua yako zimekuwa kipara na muuzaji anakushawishi uchukue za mtumba. Achana nazo. Soma saizi ubavuni mwa tairi. Aqua nyingi zinatumia 175/65R15. Usiweke pana zaidi kwa ajili ya muonekano, gari litakunywa mafuta bure.

Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, hapo hapo ubavuni; zinaonyesha tairi ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hiyo imezeeka; hata ikiwa inang'aa, mwachie mwenyewe. Ulizia tairi zinazoviringika kwa wepesi ili kuokoa mafuta, ila kama unaendesha sana kwenye mvua, mimi ningetanguliza breki za uhakika kwenye maji. Upepo jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tairi zikiwa zimepoa.