Nikimuuliza, Sitamtia Wazo Hilo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu wa miaka 15 amekuwa akivaa sweta nyumbani, na joto hili la Mombasa. Juzi akiosha vyombo mkono wa sweta ulipanda, nikaona alama za kujijeruhi. Dada yangu ananionya nisimtajie habari za kufa, nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mama naye ataka apelekwe kwa mwalimu akanywe kombe, yale maji ya maandishi ya Qur'ani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Hofu ya dada yako wanayo hata baadhi ya wauguzi, na ndiyo maana watafiti waliamua kuipima. Katika jimbo la New York, Marekani, wanafunzi 2,342 wa shule 6 za sekondari waligawanywa makundi mawili, moja likaulizwa waziwazi kuhusu kujiua na jingine halikuulizwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kuwa walioulizwa hawakuzidi wenzao kwa dhiki wala kwa mawazo ya kujiua. Na miongoni mwa waliokuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu, walioulizwa walikuwa na dhiki ndogo kuliko ambao hawakuulizwa.

Muulize basi, tena kwa neno lenyewe. Vijana wengi wanaojijeruhi hawakusudii kufa, bali hutafuta kutuliza maumivu ya moyo wasiyoweza kuyasema, kwa hiyo kumwambia kuwa anadeka ni kumfunga mdomo. Hata hivyo, tafiti zilizowafuatilia vijana kwa miaka zimeonyesha kuwa aliyejijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua baadaye, na huwezi kujua yuko upande upi kwa kuitazama alama mkononi.

Tafuta wakati mko wawili tu na mikono ina kazi. Mkichambua mchicha, kwa mfano, hatalazimika kukutazama usoni. Mwambie: "Mwanangu, nimeziona alama. Sikugombezi. Je, kuna wakati unatamani kufa?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikuelemea. Usimvue sweta kwa nguvu wala usimwapishe kwamba hatarudia, maana atajifunza tu kuficha vizuri zaidi.

Akikubali, hasa ikiwa ameshafikiria namna, asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani zifungiwe, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali, kitengo cha dharura. Akikana, bado apelekwe kliniki ya afya ya akili wiki hii. Usione haya kukaa kwenye benchi lile: uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 12 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 wana ugonjwa wa akili. Yeye mwenyewe anaweza pia kupiga 116, simu ya watoto, bila malipo.

Mama yako naye asizuiwe. Dua na kombe havigombani na kliniki, mradi siku ya miadi isisogezwe.