Wifi umeuliza tunachoka na nini huku Hamburg, Ujerumani, hii hapa wiki yangu

Shikamooni wakubwa wote kwenye grupu, wifi habari za Tanga. Swali lako nililiona Jumatano, "nyie huko mtoto akizaliwa tu serikali inawalipa, sasa mnachoka na nini hadi simu hampokei". Sijakasirika wifi, leo Jumapili ndo nimekaa chini kwa hiyo leo ndo najibu.

Ya hela ni kweli kabisa. Mwaka 2025 kila mtoto alikuwa anapata euro 255 kwa mwezi, na hapa Hamburg chekechea masaa 5 kwa siku pamoja na chakula cha mchana hulipi, ukizidisha masaa ndo unalipia kulingana na kipato chenu. Nashukuru sana. Ila hela haibebi mtoto wifi, mtoto anabebwa na mikono, na hapa mikono ni minne tu, yangu na ya baba yao.

Jumatatu nimeamka saa kumi na nusu alfajiri maana zamu yangu kule kwenye nyumba ya wazee inaanza saa kumi na mbili na nusu, baba yao ndo anawavalisha, na kuvalisha kwa Novemba sio kuvalisha kwa Tanga, ni soksi, suruali, juu yake suruali ya mpira ya matope, gambuti, koti, kofia, glovu, afu unaanza upya kwa wa pili, na wa kwanza kashasema anataka kukojoa. Chekechea wanawatoa nje kila siku hata mvua inyeshe, kwa hiyo hizo nguo lazima ziwepo na ziandikwe majina.

Jumanne saa nne asubuhi nikapigiwa simu, mdogo ana homa, njooni mumchukue. Hapo mi niko bafuni namwogesha bibi wa miaka 91, baba yao kaenda semina ya kazi mji mwingine harudi mpaka Alhamisi. Wifi hapo ndo ujue ughaibuni ni nini. Huko ningempigia mama, mama asipopokea ningempigia wewe, usipokuwepo jirani angeshamchukua hata kabla sijamaliza kuongea. Huku nilisimama na simu mkononi nikapitia majina yote sikuona wa kumpigia, Watanzania wenzangu nawajua wengi tu ila saa hizo nao wako kazini. Nikamwomba mwenzangu amalizie kazi yangu nikaondoka, naye ana wazee wake tisa wanamsubiri, nililia kwenye treni. Ruhusa ipo, mzazi ana siku 15 kwa mwaka kwa kila mtoto akiumwa na mshahara unalipwa sehemu kubwa, sema chekechea wanaambukizana kila wiki na mi kwa huyu mdogo nilikuwa nishatumia 11. Jumatano yote nilikuwa naye kifuani, hataki kushushwa, na mkubwa anaomba tukaokote zile mbegu za kahawia zinazodondoka kwenye miti msimu huu, haziliwi ila watoto wanazipenda, mifuko ya makoti yote imejaa.

Alhamisi baba yao karudi saa kumi akabaki na mgonjwa, mi nikaenda na mkubwa kwenye matembezi ya taa. Huu msimu watoto wanatengeneza taa za karatasi wanatembea nazo mtaani usiku wanaimba na ngoma mbele, nasema usiku lakini ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, giza totoro. Yake kaitengeneza mwenyewe, samaki wa rangi ya chungwa. Kanishika mkono akaniuliza, mama, bibi anaiona taa yangu? Nikashindwa kumjibu nikamrekodi video.

Na hii ya simu naomba mama naye asomewe. Tarehe 26 Oktoba saa za huku zilirudishwa nyuma, sasa mmetutangulia masaa mawili badala ya moja. Watoto wakishalala saa mbili na nusu, huko ni saa nne na nusu na mama kashazima taa. Hilo saa moja ndo lilikuwa la kumpigia, limeondoka mpaka mwezi wa tatu. Sijamsahau mama.

Ijumaa nilirudi kazini, Jumamosi ni sokoni na kufua maana Jumapili maduka yanafungwa.

Umeuliza pia kama na nyie mje na wanangu, kaka akipata ile nafasi ya kusomea uuguzi. Mi nasema mje, watoto wanatibiwa vizuri na wanacheza salama. Ila msianze wote masomo mwaka mmoja wifi, nakuomba, mmoja wenu awe na muda wa kupokea ile simu ya saa nne asubuhi. Na Kijerumani uanze nacho huko huko Tanga, daktari wa watoto hatakusubiri utafute neno.

Jumapili ijayo nitapiga saa kumi jioni za kwenu, mdogo kapona anaongea sasa anasema "bibi" vizuri. Mama akae karibu na simu, na ile video ya taa muonyesheni leo kabla hajalala.