Mnyororo, swichi ya siri au GPS? Jibu kwa mwenye pikipiki wa Kimara

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Kimara Temboni, kazi yangu ni ya ofisini, Posta. Nimenunua pikipiki ya cc 125 ya kabureta kwa ajili ya kwenda na kurudi kazini tu, sifanyi bodaboda. Mwenzangu wa ofisini ameibiwa yake mchana kweupe. Aliiacha nje ya jengo ikiwa imefungwa usukani. Sasa kila mtu ana ushauri wake: huyu anasema nifunge GPS, yule alamu, mwingine swichi ya siri. Fedha niliyonayo haitoshi vyote. Nianze na nini? Na je, ni kweli GPS inaua betri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kama ni kununua kimoja kimoja, anza na mnyororo wa maana na kufuli lake, kisha mlipe fundi akufungie swichi ya siri. GPS ije baadaye. Alamu iache dukani.

Sababu iko kwenye namna pikipiki zinavyoibwa. Iliyoegeshwa huondoka kwa njia mbili: ama inawashwa ikaendeshwa, ama inabebwa. Loki ya usukani haizuii hata moja kwa muda wa kutosha. Ni kijipini cha chuma kinachoingia kwenye tundu la shingo, na mtu mwenye nguvu akiusukuma usukani kwa kishindo kinakatika. Ifunge kila unaposhuka, maana ni ya bure na inamlazimisha mwizi afanye kitu cha kuonekana, ila usilale usingizi kwa ajili yake. Kuhusu kubeba, pikipiki yako ina kilo mia na ushee tu. Vijana wawili wanaitia kwenye kirikuu kabla mlinzi wa jengo hajamaliza kumwelekeza mgeni lifti ilipo.

Swichi ya siri inazuia njia ya kwanza. Hapa naomba nikuchoshe kidogo, kwa sababu ni kazi inayoharibiwa sana na mafundi wa haraka. Pikipiki ndogo za kabureta ziko za aina mbili kwa upande wa umeme wa cheche. Aina ya kwanza, CDI (kile kiboksi kinachotengeneza na kupanga cheche ya plagi) inapata umeme wake kutoka kwenye koili iliyo ndani ya injini, pembeni ya sumaku. Kwa hiyo ufunguo hauleti umeme wowote kwenye CDI. Kazi yake ni kuzima. Ukiuweka OFF, swichi inaunganisha waya mmoja wa CDI (waya wa kuzimia) na bodi, yaani chuma cha pikipiki, cheche inakufa. Aina ya pili, CDI inakula umeme wa betri, na ufunguo ndio unaofungua njia ya umeme huo.

Swichi ya siri katika aina hizi mbili inaungwa kinyume. Katika ile ya betri, inakaa katikati ya waya unaopeleka umeme kwenye CDI, na ukiondoka unaikata. Katika ile ya koili, inatoa tawi kutoka kwenye waya wa kuzimia kwenda bodi, na ukiondoka unaiunganisha. Fundi asiyepima kwa mita atakata waya wa kuzimia akidhani anakata umeme. Ukiondoka pale umeridhika umefunga ulinzi, kumbe pikipiki yako sasa inawaka hata bila ufunguo! Kwa hiyo usimlipe kabla ya majaribio mawili. Kwanza, ufunguo uwe ON na swichi ya siri iwe kwenye hali ya kulinda, apige kiki: isiwake. Pili, ufunguo uwe OFF na swichi ya siri iwe kwenye hali ya kutembea, apige kiki tena: isiwake pia. Ikiwaka kwenye jaribio lolote kati ya hayo, waya zimeungwa vibaya.

Mahali pa kuificha msichague chini ya siti. Ndiko fundi wa kwanza huweka na ndiko mwizi wa kwanza hupapasa. Pawe mahali mkono wako unapofika bila kuinama sana, pawe juu, mbali na maji ya gurudumu. Wewe unapita Jangwani, na masika unajua mwenyewe hali ya pale. Swichi ya bei rahisi ikilowa mara mbili tatu inashika kutu ndani na kuanza kukuzimia njiani. Nunua yenye mpira wa kuzuia maji. Mwambie fundi atumie waya wa rangi inayofanana na za kiwandani, azichomelee kwa risasi kisha azivike mpira, zisiwe za kusokota na kufunga selotepu. Waya mwekundu mpya unaong'aa kati ya waya kuukuu unamwonyesha mwizi pa kuanzia. Na siri hiyo usimpe kijana wa kuosha pikipiki wala jirani unayemwazima. Ukimpelekea fundi mwingine, iwashe mwenyewe.

Koki ya mafuta nayo ifunge. Mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta yatampeleka mwizi mita mia kadhaa hivi, kisha injini inakohoa na kuzima. Mzoefu ataifungua kabla ya kuondoka, lakini wapo wasio wazoefu.

Tuje kwenye kubebwa. Hapo hakuna umeme utakaokusaidia, ni chuma kwa chuma. Mnyororo ule mwembamba wa kupimiwa dukani kwa mita, na waya wa kufungia baiskeli, vyote vinakatwa na mkasi wa mkono. Tafuta wenye pingili za chuma kigumu, unene wa milimita 10 au zaidi, na kufuli la uzito unaolingana nao. Kufuli la elfu chache kwenye mnyororo wa bei ni kutupa fedha, kwa kuwa mwizi hatahangaika na mnyororo. Upitishe kwenye rimu ya gurudumu la nyuma, kwenye chesisi, kisha kwenye kitu kisichong'oka: nguzo ya chuma, geti lililojengewa, reli ya ngazi. Usiupitishe gurudumu la mbele peke yake, maana gurudumu hilo linashikwa na ekseli moja, atakuachia rimu na mnyororo wako. Kufuli lisiguse chini pia. Likilala kwenye sakafu anapata pa kulipondea kwa nyundo. Likining'inia hewani kila pigo linapotea.

Unaposafiri usiuvae mnyororo begani wala kiunoni kama nionavyo vijana wengi wakifanya, kwani siku ukianguka ndio utakaokuvunja mbavu. Uweke kwenye boksi la nyuma. Funga pia kitambaa chenye rangi kali kutoka kwenye usukani hadi kwenye kufuli, maana asubuhi moja utachelewa, utapiga kiki na kuondoa huku mnyororo ungali kwenye spoki.

Mjini nguzo si nyingi, najua. Ikikosekana, funga pikipiki yako pamoja na ya mwenzako wa ofisini, gurudumu la nyuma kwa la nyuma. Kubeba pikipiki mbili zilizoungana ni kazi nyingine. Chagua mahali ambapo wauza chakula, wapiga rangi viatu na mlinzi wanakaa hapohapo kutwa. Mlinzi ajue sura yako na pikipiki yako, umtoe kidogo kila mwisho wa wiki. Maegesho ya kulipia yenye tiketi ni mazuri endapo tiketi inaangaliwa wakati wa kutoka. Penye kukusanya fedha asubuhi na kutoangalia nani anatoka na nini jioni, unalipia kivuli tu.

Nyumbani ndiko watu hulegea. Ukuta na geti havitoshi kama pikipiki imesimama uani na wezi wana usiku mzima. Kama una uwanja wako, kunja nondo ya milimita 16 umbo la U, ichimbie kwenye zege miguu yake ikiwa imepinda kwa chini, halafu ufunge mnyororo hapo. Ukipanga chumba na unalazimika kuiingiza ndani, funga koki, hakikisha hakuna mahali panapovuja, na usiilaze chumba kimoja na jiko au mshumaa. Petroli inatoa mvuke hata pikipiki ikiwa imezimwa.

Sasa GPS. Mimi nazifunga, ni sehemu ya riziki yangu, lakini GPS haizuii mtu kuchukua pikipiki. Inakuonyesha ilikokwenda, na hilo ni baada ya kuwa imekwenda. Ndani yake mna laini ya simu, kwa hiyo isajiliwe kwa jina lako, iwe na bando na isiachwe muda mrefu bila salio hadi ikafungwa. Wengi wanaokuja kwangu kulalamika kwamba kifaa kimekufa, kifaa ni kizima, laini ndiyo haina kitu. Nunua chenye betri yake ndogo ndani, ili mwizi akichomoa betri ya pikipiki kiendelee kutuma kwa muda. Kikae chini ya plastiki, si chini ya tangi la chuma, maana chuma kinakizuia kuona anga.

Kuhusu kuua betri, ni kweli na si kweli. Chukua kifaa kinachokula miliampea 20 kikiwa kimetulia. Kwa saa 24 ni karibu nusu Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri). Betri ya Ah 5 ikiwa nzima na imejaa ingeisha baada ya siku kumi hivi, na ikiwa kuukuu mapema zaidi. Wewe unayekwenda Posta na kurudi kila siku ya kazi hutaona tofauti, kwa sababu injini inarudisha kilichotumika. Ukienda likizo Moshi wiki mbili ukaiacha imesimama, utakuta taa haziwaki na stata inalia tu. Basi kabla ya safari mwombe mtu unayemwamini aiwashe na kuitembeza kila baada ya siku chache, au ukubali kuchaji ukirudi. Muulize muuzaji kifaa kinakula kiasi gani kikitulia; asiyejua, mwambie apime mbele yako. Na waya wa umeme wa kifaa upite kwenye fyuzi ndogo, ampea 1 au 2, karibu kabisa na betri.

Vifaa hivi vya GPS vingi huja na relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuzimia injini kwa simu. Ukiitaka, masharti ni mawili. Relei isipopata umeme, injini iendelee kufanya kazi. Kwa pikipiki ya CDI ya betri maana yake waya upite kwenye miguu ya relei iliyoandikwa 30 na 87a, si 87. Vinginevyo siku relei inakufa utazimikiwa juu ya daraja la Ubungo, nyuma yako kuna lori. La pili, usitume amri ya kuzima wakati pikipiki inatembea. Anayeanguka anaweza kuwa mwizi, lakini anaweza pia kuwa mtoto aliyekuwa anavuka barabara.

Alamu za bei nafuu zinapiga kelele daladala ikipita karibu. Ndani ya wiki hakuna anayegeuka kutazama, na nazo zinakula betri. Zile zinazowasha injini kwa rimoti ndizo nisizozipenda hata kidogo, kwa kuwa ili zifanye kazi hiyo zinaunda njia ya umeme inayoikwepa swichi ya ufunguo.

Haya yote ni kwa pikipiki iliyoegeshwa. Ukivamiwa njiani usiku, ufunguo watoe na ushuke. Usiguse swichi ya siri, maana pikipiki ikikataa kuwaka mbele yao watakugeukia wewe. Wakati huo ndio GPS ina thamani, ukiwa umefika mahali salama. Ukichelewa kazini, kaa Barabara ya Morogoro, acha njia za mkato za mitaani, na anayekupungia mkono kukiwa na giza mpite. Wewe si bodaboda. Njia ya mwendokasi nayo usiingie hata foleni iwe imekushika koo.

Kadi halisi ya pikipiki iache nyumbani, tembea na nakala, kwani pikipiki yenye kadi yake inauzika kirahisi. Namba ya chesisi na ya injini ziandike na kuzipiga picha leo. Bima ndogo hailipi wizi hata kidogo. Bima kubwa ndiyo inayougusa, na usome masharti yake kuhusu mahali pa kuegesha na vifaa vya ulinzi kabla ya kulipa. Ikiibiwa, nenda kituo cha polisi upate RB (namba ya taarifa yako) siku hiyohiyo, kwa kuwa bima wataiomba na namba yako inaweza kutumika kwenye uhalifu mwingine. GPS ikikuonyesha iko uani kwa mtu fulani Gongo la Mboto, usiende peke yako wala na vijana wa kijiweni. Mpe askari simu aone, mwende pamoja.